Mke Anayebaki Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa Biro, ofisi ya mambo ya jamii, tuliyemwita Shefu, hakunionyesha meza. Alinipeleka moja kwa moja kwenye makao ya wazee, hapa Kalemie, tukaongea nao mpaka wakala. Njiani kurudi akasema, "Mama, kazi yako njo kupima mchango wa kila mzee. Nilitaka kwanza uone watu wenyewe."

Niwaeleze ninyi vijana. Mzee akiingia makao, mji ulibeba sehemu ya gharama ya kitanda na chakula, naye alitoa kadiri ya uwezo wake. Tuliangalia pansheni, shamba kama linalimwa, na nyumba. Vyombo vyake hatukuvigusa, na alibakiziwa kitu cha sabuni, sukari na sadaka ya kanisani. Nyumba ndiyo iliyotuumiza vichwa. Ikiwa haina mtu, ilipangishwa na kodi ikalipia makao. Ikiwa mume au mke amebaki ndani, iliachwa.

Nilipelekwa Kongolo, kisha Moba, halafu nikarudishwa Kalemie. Hapo ndipo nilipopewa faili ya mzee mmoja, Papa Ilunga, mstaafu wa reli aliyepooza upande mmoja akaingia makao. Nyumbani kwake nilimkuta Mama Stefania akianika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana, bila ndoa iliyoandikishwa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Safari ya kupeleka mahari kwao Mama, Moba, iliahirishwa kwanza kwa ajili ya vita, kisha kwa ajili ya msiba, mwisho wakazoea tu.

"Kwa komini mimi si muke wake," aliniambia. "Siwezi kudanganya. Kama ni kutoka, nitatoka. Naomba tu chumba karibu na makao, nimupelekee bukari. Mukono wa kushoto haujazoea kula."

Nguo zake alikuwa ameshazifunga.

Nilirudi kwa Shefu, nikamweleza yote. Alivua miwani, akafikiri.

"Sheria inasema mke," akasema. "Haisemi mke wa tangu lini. Nenda umuulize Papa. Lakini habari ya nyumba usimwambie kwanza. Sitaki aoe kwa woga."

Kule makao nilikaa kando ya kitanda cha Papa Ilunga. "Papa, Mama Stefania ni nani kwako?"

"Muke wangu," alijibu kwa shida.

"Komini haijui."

"Nilifikiri yeye njo hataki tena kuulizwa habari ya ndoa," akasema.

Mchana, Mama Stefania alipofika na bakuli la bukari, ugali wetu, Papa alimuuliza mwenyewe, mbele yangu, kama atakubali kuolewa. Mama alimpangusa mdomo kwanza. "Umechelewa, Ilunga," akasema. "Lakini nakubali." Ndipo nilipowaeleza habari ya nyumba, nao wakacheka, yeye Papa kwa upande mmoja wa uso.

Kaka yake Mama alikuja kwa boti kutoka Moba. Alipokea mbuzi mmoja na kitenge, akasema mahari imefika. Mbuzi walimnunua wastaafu wenzake Papa wa reli. Ofisa wa komini alikuja kufungisha ndoa katika chumba cha kulia, wazee wote wamevaa vizuri. Alipomuuliza Papa kama anamkubali Stefania, ulimi wake ulikwama. Ofisa hakumharakisha. Chumba kizima kilingoja, bibi harusi amemshika mkono, mpaka "ndiyo" ikatoka.

Nyumba haikuguswa. Papa alichangia kwa pansheni yake tu, na mkewe akaendelea kuja na bakuli. Baadaye Papa alipofariki, ndugu zake walikuja kuulizia nyumba. Walimkuta mjane wa halali, wakampa pole, wakarudi kwao.

Sasa nimestaafu. Miguu inavimba na watoto wangu wako mbali. Huenda siku moja nami nitapimwa. Siogopi. Namwomba tu kijana atakayekuja, kabla hajauliza nina mali gani, aulize nani ananipenda, na amsubiri mtu huyo afike.