Mtani Aliyevaa Miwani Myeusi

Usiku ule nililala na sura ya kikongwe. Nilikuwa nimetoka kurekodi nikiwa nimechoka na nimekasirika, sikunawa, na mikunjo niliyopakwa na dada wa vipodozi ilikuwa bado iko mashavuni. Kijana wa miaka ishirini na minne, ndevu zimenyolewa mpaka ngozi inawasha, nimejilaza kama bibi kizee aliyefukuzwa kazi. Na kufukuzwa kwenyewe kulikuwa kumebaki kidogo tu. Dairekta alikuwa ameniita mbele ya watu wote akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma: "Mdogo wangu, kesho asubuhi ukishindwa tena, Bi Sihongwi tunampa mtu mwingine."

Bi Sihongwi ni mwenye nyumba mkorofi katika tamthilia yetu. Ndiye aliyenitoa kwenye video za simu akanipeleka kwenye televisheni. Lakini kabla hajawa wa tamthilia alikuwa wangu, na kabla hajawa wangu alikuwa bibi yangu mzaa mama, Bibi Mwanaidi wa Matombo, ambaye mgeni akipiga hodi alimwambia, "Karibu. Ila tumeshakula," kisha akampakulia sahani ikajaa mpaka ukingoni. Nilimwiga yeye tangu siku ya kwanza. Nilivaa kanga zake, nikashika kiuno kama yeye, na yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia simu wakati narekodi. Video zangu zote za mwanzo zina kidole gumba pembeni ya picha. Watazamaji walikuwa wakiuliza kidole kile ni cha nani, na mbona picha inatikisika. Ilitikisika kwa sababu mpiga picha alikuwa anacheka.

Bibi alifariki wiki tano kabla ya usiku huo. Tangu tulipomzika, sauti yake ikanitoka. Kushika kiuno niliweza, ule mwendo wake wa kuburuza kandambili niliuweza, lakini nikifungua mdomo ilitoka sauti ya kijana aliyevaa gauni. Siku tatu mfululizo hali ikawa hiyohiyo. Wenzangu walisema ni majonzi na mimi nikaitikia, ila moyoni nilijua nimemkosea bibi. Sikujua nimemkosea wapi. Nilidhani ni kule kumwiga, kwamba nilimfanya kichekesho cha nchi nzima na sasa amenuna huko aliko. Usingizi ukanipitia nikiwa nawaza hayo.

Nikajiona niko kazini, kwenye ile sebule yetu ya uongo yenye kuta tatu. Upande wa nne ndiko zinakosimama kamera. Mlango wake ni wa kuonyeshea tu, nyuma yake kuna nyaya na viti vya plastiki basi. Mlango unafunguliwa na bibi anaingia. Amebeba ungo wa mchele. Anakaa kwenye sofa la kuazima, lile ambalo hata nailoni halijavuliwa, anaanza kupeta. Mafundi wa taa wanampisha kama mtu waliyemzoea. Mimi nami sishangai hata kidogo, ninachowaza ni kwamba pumba zitachafua zulia la watu.

"Shikamoo, bibi," nasema.

Anaacha kupeta. Ananitazama usoni, kwenye ile mikunjo ya rangi, na midomo yake inataka kucheka.

"Tangu lini unaniamkia shikamoo?"

Hapo nikaona aibu. Mimi na yeye hatukuwahi kuamkiana hivyo. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Mimi nilimwita mke wangu, yeye akaniita mume wangu, akanilalamikia mbele za watu kwamba simletei hata sabuni ya kufulia. Nikasogea nikakaa miguuni pake kama nilivyokaa nikiwa mdogo, nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Nimekukosea, mke wangu?"

"Umenikosea," akasema. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema mboga haina chumvi.

Anainua kidevu kuelekea upande wa kamera. Nageuka. Kamera hazipo. Kuna ua wetu wa Matombo, migomba, majamvi, wanawake wamejifunga kanga vichwani. Ni siku ya msiba wake, na sisi wawili tunaitazama kutoka kwenye sofa. Wala sioni ajabu kwamba aliyelala ndani ya jeneza ndiye huyu anayepeta mchele pembeni yangu.

Najiona mimi mwenyewe. Nimesimama kando ya migomba, shati jeupe la kupigwa pasi, miwani myeusi, mikono imefumbatwa mbele kama mgeni rasmi anayesubiri kuitwa jukwaani. Vijana watatu wameninyooshea simu. Na kila mtu uani ananitazama kwa kuibia. Wazee wananitazama, shangazi wa jirani ananitazama, hata wale waliobeba jeneza wanachelewa makusudi, wanageuza shingo upande wangu. Nilikumbuka siku ile vizuri. Nilidhani wananitazama kwa sababu natokea kwenye televisheni. Nikahisi joto la aibu mpaka masikioni.

"Wanasubiri nini?" nauliza, ingawa tayari nimeshajua.

"Wanakusubiri wewe."

Kwetu bibi akifa, mjukuu ndiye anayevaa nguo zake. Anatokea katikati ya kilio akiwa na kanga za marehemu, anatembea kama marehemu, anasema kama marehemu, anawagombeza waliokuja kula bila kulia, na watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo mtu wetu anavyoagwa. Nimeyaona hayo tangu utoto, na nadhani uigizaji wangu wote nilijifunzia kwenye misiba hiyo. Na mimi, niliyemwigiza bibi huyu mbele ya nchi nzima, siku yake mwenyewe nilisimama nikafunga mdomo.

Bibi ananigusa bega. Ananionyesha Mama Mdogo Zawadi, mtoto wake wa mwisho, amesimama mlangoni pa nyumba. Kwapani ana mfuko wa plastiki wa buluu. Pembe ya kanga ya njano imechomoza, ile ya kwenye video zangu. Mama Mdogo anapiga hatua mbili kuja kwangu. Kijana mmoja anainua simu yake juu zaidi, na yule mimi wa miwani anageuza uso upande. Mama Mdogo anasimama. Anausukuma mfuko ndani zaidi kwapani, anarudi alikotoka. Siku ile sikuuona mfuko. Nisingeweza kuuona kwa namna nilivyokuwa nimesimama.

Jeneza linatoka uani, hakuna aliyecheka hata mmoja.

"Nikaondoka kimya," bibi akasema, "kama mtu asiye na wajukuu."

Nikalia. Nililia kama ambavyo sikulia siku ile ya kweli, kamasi na rangi vikachanganyika, nikamwambia niliogopa. Simu zilikuwa nyingi. Wangesema natafuta watazamaji kwenye msiba wako, wangenichamba mwezi mzima. Niliona bora niheshimike.

Anarudia kupeta, taratibu. "Mtazamaji wako wa kwanza alikuwa nani?"

Nikakitazama kidole gumba chake kwenye ukingo wa ungo.

"Basi alikuwa amelala pale, anakusubiri."

Niliinamisha kichwa magotini pake nikasema nisamehe, nisamehe, na nilipokiinua kichwa sofa lilikuwa tupu. Tumerudi kwenye ile sebule yenye kuta tatu. Bibi yuko nyuma ya kamera kubwa. Amesimama juu ya kiti cha plastiki ili aifikie, dairekta kamshikilia kiti kwa adabu zote, na yeye ameikumbatia ile kamera kwa mikono miwili kama alivyoishika simu yangu, kidole gumba kimeziba pembe ya kioo. Nataka kumwambia aondoe kidole, lakini najizuia. Ni chake na ninakipenda.

"Arobaini yangu lini?" anauliza.

"Jumamosi."

Anahesabu moyoni. "Basi bado sijafika mbali."

Siwezi kueleza jinsi maneno hayo yalivyonishushia mzigo. Nilisikia kifua kinafunguka, hewa inaingia mpaka chini ya mbavu.

"Haya, mume wangu," akasema. "Anza."

Nikashika kiuno. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka, kavu, kali, yenye ukarimu uliojificha nyuma yake, "Karibu. Ila tumeshakula." Ilikuwa yeye mtupu. Nikaitazama kamera, na kamera ikaanza kutikisika.

Nikaamka nikiwa nacheka. Jua lilikuwa limeshapenya dirishani na mto wangu umejaa rangi ya kahawia, mikunjo yote imehamia kwenye foronya. Sikufikiria sana. Nilichukua simu nikampigia Mama Mdogo Zawadi.

"Haloo?"

Nilitaka kumwamkia. Kilichotoka ni hiki: "Karibu. Ila tumeshakula."

Nikasikia kuku wanalia nyuma yake. Kisha nikasikia anapumua kwa nguvu, nikajua analia, halafu nikajua anacheka, na mwishowe nikaacha kutofautisha.

"Wewe mtoto, jamani," akasema. "Wewe mtoto!"

"Mama Mdogo, siku ya msiba ulikuwa na mfuko wa buluu kwapani?"

"Nani kakwambia?"

"Ulikuwa na nini ndani?"

"Kanga zake. Nilikuwa nakuletea uvae. Nikaona ile miwani, nikasema mwanangu ameshakuwa mtu mkubwa, nisimwaibishe mbele ya wenzake."

Nilikaa kitako ukingoni mwa kitanda. Kwa wiki tano yule mama alikuwa amenisamehe kitu ambacho sikujua nimekifanya, na hakuniuliza hata mara moja. "Bado unazo?"

"Zipo. Hata sijazifua."

"Jumamosi nazivaa," nikamwambia. "Waje na simu zao wote wanaotaka. Bibi anasema bado hajafika mbali."

Hakuniuliza bibi amelisema hilo lini wala wapi. Alipenga kamasi, akajibu kwa ile sauti ya bibi, ambayo wote watatu tunayo sasa.

"Basi wahi, baba. Na hiyo miwani iache hukohuko."

Nikainuka kwenda kunawa uso, maana saa tatu Bi Sihongwi alikuwa na kazi.