Karanga za Bibi na Penalti ya Lusahunga

Mwezi uliopita nilirudi Ntobeye kwa kipaimara cha mpwa wangu. Pikipiki ilipopita kando ya uwanja wa shule, wasichana walikuwa wanacheza mpira. Rafiki yangu, nilimwambia dereva asimame hapo hapo! Nikashuka na mizigo, nikaanza kumpigia kelele kipa nisiyemjua, mpaka dereva akaniuliza kama ni mwanangu.

Mimi nilidaka kwenye uwanja ule nilipokuwa msichana. Siku zile kengele ya kanisa la kigango chetu ilikuwa rimu kuukuu ya lori, na ikigongwa saa kumi na mbili jioni kijiji kizima kinasimama. Jembe linatulia, aliyekuwa akimenya ndizi anaweka kisu chini, wote tunasali Malaika wa Bwana.

Basi wakaja wasichana wa Lusahunga, kwenye mashindano ya vijana wa Kikatoliki. Waumini wenzetu kabisa, lakini waliokulia kwenye honi za malori. Rimu kwao si kitu. Mechi ikiwa sare, ikalia. Timu yetu nzima ikasimama, nami nikafumba macho golini. Nilipofumbua, mpira ulikuwa nyuma yangu na wageni wanacheza. Mwalimu alikasirika mpaka sauti ikamkauka. Alisema kwenye marudiano atadaka mwingine, kipa wa kusinzia hamfai. Nililia njia nzima, maana kudaka ndicho kitu pekee nilichowazidi wenzangu.

Nilidhani bibi, aliyekuwa mkali wa sala kuliko padri, ataniambia niachane na mpira. Badala yake akanipa kikaango cha karanga. Kila jioni rimu ilipolia, nilikuwa nakoroga.

"Sali," aliniambia, "lakini ukifumba macho zitaungua, na zikiungua utazila wewe."

Nilizila nyingi, chungu kama dawa. Alisema moyo uende kwa Mungu, macho yabaki kwenye kazi aliyokupa. Pole pole nikaanza kumaliza sala karanga zikiwa nyekundu, zinanukia hadi kwa majirani. Jioni moja mwalimu, aliyesikia habari hizo, alikuja kuona mwenyewe. Akasali nasi, akala viganja viwili, akanirudisha golini.

Kule Lusahunga tuliongoza moja bila, na dakika za mwisho wakapata penalti. Madereva walikuwa wamepanda juu ya malori, honi zinalia, wasichana wanaimba, "Lala, kipa, lala!" Jua lilikuwa linazama, nikajua nyumbani rimu inagongwa. Nikaanza sala kimoyomoyo, macho kwenye mpira. Alipopiga niliuona wote, hata vumbi lake. Nikaruka, nikaukumbatia tumboni! Sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua.

Wenzangu walikuwa bado wamenilalia pale chini bibi, aliyekuwa amesafiri nasi, alipowapangua mmoja mmoja. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Hata marahaba hakusema.

"Sala uliimaliza?"

"Niliishia katikati, bibi."

"Basi malizia."

Tukapiga magoti palepale, jezi imechanika begani, na wale wasichana wa Lusahunga waliokuwa wanalia wakaja kuitikia.

Bibi alishatangulia. Siku hizi nasali nikipika, nikiendesha gari, nikiwa kazini, macho wazi kama alivyonifundisha, na mara nyingi simu inalia naishia katikati. Hakuna tena wa kuniuliza kama nimemaliza.