Shikamoo ya Mama

Mama aliponiamkia mara ya kwanza nilidhani ananitania. Nilikuwa nimemletea uji, naye akapiga goti kando ya kitanda, akanishika mkono na kusema, "Shikamoo, mama." Nikacheka. Yeye hakucheka. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamla sana, na sasa ukamfanya anione mimi ndiye mama yake, yaani bibi yangu, aliyezikwa Puge kabla sijazaliwa.

Sikumwitikia. Nani apokee shikamoo ya aliyemzaa? Kwetu hilo halifanyiki hata kwa mzaha. Lakini mama naye alilelewa kwamba mtoto hagusi chakula kabla salamu yake haijapokelewa. Basi akakaa akinisubiri mpaka uji ukapoa na kufanya utando juu. Ikawa hivyo kila asubuhi, naye akazidi kukonda.

Nimechoka, niseme tu bila kuzunguka. Nimechoka kufua mashuka, kufunga geti, kumkimbilia anapokata kona kwenda mtaa wa Ng'ambo kutafuta nyumba iliyobomolewa zamani. Nilirudi hapa Cheyo na selo yangu, ile fidla kubwa ya sauti nzito, nikijidanganya kwamba nitamuuguza huku naandika muziki. Wenzangu watatu Dar, wenye fidla mbili na viola, iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, wanasubiri kipande cha muziki cha watu wanne, cha kupigwa sebuleni bila spika wala ngoma. "Vipi, kimeiva?" wananiuliza kwenye simu. Kimeiva wapi! Nilichoandika ni siku zetu tu. Fidla zinazunguka chumba bila kutulia, viola inarudia swali moja la mama, "Baba amerudi?" Kisha viola inaamkia, nota chache za chini, na selo, ambayo ni mimi, inanyamaza. Kimya hicho nilikiacha makusudi. Nilikiona cha heshima.

Ukweli ni kwamba kuna kitu nilikuwa nakisubiri. Nilitaka mama aniite mwanangu, mara moja tu, ndipo nimalizie.

Siku moja mdogo wake alikuja kutujulia hali, akaukuta uji umeganda.

"Si umwitikie, ale?"

"Mama mdogo, si nitapata laana?"

"Laana gani? Mimi ananiita shangazi, na ushangazi naufanya vizuri tu. We unataka heshima au unamtaka mama?"

Nilimkasirikia hadi alipoondoka, na hata baada ya hapo.

Asubuhi iliyofuata mama akapiga goti tena. Mkono ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu. "Shikamoo, mama." Nikanyamaza kama kawaida yangu. Akaniinulia macho, na ndani yake nikaona woga wa mtoto anayejua amekosea ila hajui amekosea nini.

"Marahaba," nikasema.

Bado alikuwa ananitazama.

"Marahaba, mwanangu."

Akashusha pumzi, akachukua kikombe, akanywa uji wote na kufuta mdomo kwa pindo la khanga. Mchana, alipolala, nilifuta kile kimya cha selo nikaandika jibu. Ni nota mbili tu, hata anayejifunza anaweza kuzipiga. Kipande kimekwisha. Neno nililokuwa nalisubiri limeshatamkwa humu ndani, nimelitamka mimi, na sina tena wa kuniita hivyo.