Kisu Kilichokuja Uchi

Mtu wa kwanza katika mji huu wa Goma kufunga mpini unaofunguka kwenye kisu cha mchinjaji ni mimi. Siku hizi wako wengine wanaosema ni wao. Ukiwakuta, waulize walitumia kipimo gani, uone kama watakujibu. Mimi niliacha shule primaire ya tatu, na hakuna fundi aliyewahi kunisimamia akiniambia shika hapa, piga pale. Nyumba yangu ya mbao nzuri, paa lake, kiwanja chenyewe kwenye barabara ya Sake, vyote vimetoka kwenye mikono hii. Nayasema haya mwanzoni ili mujue yule aliyeitwa mwizi mbele ya soko zima alikuwa mtu wa namna gani.

Shida ya mpini wa kawaida kila mchinjaji anaijua. Kisu chetu kinatoka kwenye resori ya kamio, springi ya lori, chuma kizito. Mkia wa chuma unapita katikati, ubao mmoja upande huu, ubao mwingine upande ule, na misumari inagongwa mpaka vichwa vinalala. Kikiwa kipya kinapendeza. Baadaye damu na mafuta vinaingia kati ya ubao na chuma, mahali ambapo sabuni haifiki, na kisu kinaanza kunuka. Ng'ombe amechinjwa asubuhi hii, mama anakuja na kikapu chake, ananusa, anasema hii nyama ni ya juzi, anaenda meza ya jirani. Nyama haina kosa. Ni mpini.

Mafundi wote waliona jambo hilo na wakaendelea kugonga misumari. Mimi nililifikiria. Niliona jinsi injini ya pikipiki inavyofungwa, kwa buloni zenye kichwa cha kuzama, ambazo unafungua kwa ufunguo mdogo, unasafisha, unarudisha. Nikasema, kama injini inafunguka, mpini utakosaje kufunguka? Nikatoboa mkia wa kisu matundu mawili, nikatoboa mbao, nikazamisha ekru, yaani nati, ndani ya ubao mmoja na kichwa cha buloni ndani ya ubao mwingine, mkono usikwaruzike. Jioni mchinjaji anafungua, anachemsha mbao, anasugua chuma, anafunga. Harufu imekwisha.

Na sikuishia hapo. Nilitengeneza kipimo, kipande cha chuma chenye matundu mawili, na kila kisu kilichotoka kwangu kilitobolewa juu ya kipimo kile kile. Kwa hiyo mbao za kisu hiki zinaingia kwenye kisu kile bila kusukumwa. Ubao wako ukipasuka, unatuma mtu achukue jozi nyingine, wewe unaendelea kukata. Visu vya wenzangu, kila tundu limeenda linakotaka. Vyangu vyote ni kisu kimoja. Nilikuwa nikiwaambia watu hivyo kwa sauti, pale kwenye karakana yangu karibu na mlango wa soko, na walikuwa wakiitikia.

Mteja wangu mkubwa alikuwa muzee mmoja wa milima ya Masisi, prezida wa wachinjaji wa soko lile. Mkono wake ni mpana sana. Nilimchongea mbao nyekundu za libuyu, nene upande wa nyuma, na alinisifu mpaka nikaona haya, mimi ambaye sioni haya upesi. Alikuwa akiwaambia wengine, "Muende kwa ule fundi. Kisu yake inajua mukono ya mutu."

Basi, asubuhi moja akaja mchinjaji mgeni, aliyekuwa akiuza nyama Rutshuru kabla ya kupata meza kwetu. Alileta kisu uchi, chuma kitupu. Akasema, "Papa, mbao zilipasuka. Niwekee za pembe." Nikaona kisu ni kazi yangu. Lakini visu vyangu vimejaa mji huu, vinauzwa, vinapewa wakwe, vinaachiwa watoto. Niliweka pembe ya ng'ombe, nyeusi, nikaing'arisha, akaenda zake.

Kesho yake muzee akapita mbele ya meza ya yule mgeni. Akakichukua kisu, akakipima mkononi, akatazama ukingo ulivyolika karibu na mpini, maana muzee ananoa kwa namna yake. Akasema, "Hii ni kisu yangu. Niliitafuta wiki yote."

Mgeni akamwambia, "Muzee, ya kwako iko na mupini mwekundu. Hii ni pembe, na niliinunua kwa mutu wa njiani."

Wakaja kwangu, na soko likawafuata. Muzee hakunisalimia.

"Fundi, ni wewe uliweka hii pembe?"

"Ni mimi."

"Na mbao yangu uliitupa wapi?"

"Kisu kilikuja bila mbao, muzee."

"Ilikuja uchi, na wewe ukaivalisha."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikafungua buloni mbele yao, nikatoa pembe, wakaona chuma. Hakuna kitu pale cha kusema ni cha nani. Muzee akatuma waende kwake walete jozi yake ya akiba. Ikaingia sawasawa. Nikasema huo si ushahidi, leteni za mwingine. Mama anayeuza matumbo akatoa mbao za kisu chake. Nazo zikaingia sawasawa, kama zilizaliwa pale.

Mchinjaji mmoja akasema kutoka nyuma, "Basi, hii kisu ni ya soko nzima. Leo tutakata wote."

Wakacheka tena. Hapo ndipo muzee aliposema neno ambalo sijalimeza mpaka leo. "Ule fundi mwingine, wa matundu ya kombo, kisu yake haifichike. Mupini yake inaingia pale tu ilipotoka. Wewe ulitengenezea wezi dawa. Unakula nao. Weye na huyu muko mwizi mumoja."

Kwa hiyo kama ningekuwa fundi mbaya, ningekuwa mtu mwema. Kama ningetoboa kombo kama wale wengine, ningebaki na heshima yangu. Niliwaambia hivyo, nikawaambia na mengine ambayo siyaandiki. Hakuna aliyesikiliza. Wachinjaji wakakaa, wakaamua: kisu kinarudi kwa muzee, mgeni anaondoka sokoni, na mimi nifunge mipini yote kwa misumari, isifunguke tena, au nitoke mlangoni pao.

Nikasema, "Sipigi musumari hata mumoja."

Siku ile ile nikapakia eto yangu ya kubania chuma, nyundo zangu na pembe zangu juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, nikarudi nyumbani. Nikaanza kufanyia kazi barazani. Mke wangu aliniambia, "Baba watoto, pigilia ile misumari tule." Nilimjibu vibaya. Yeye alifikiri tunagombania misumari. Mimi nilikuwa nimeitwa mwizi, na mtu akiitwa mwizi sokoni, neno linafika nyumbani kabla yake. Majirani walikuwa wakiniuliza habari kwa sauti ya msibani.

Kisha ukweli ukatoka. Aliyekuja kuniambia ni yule mama wa matumbo, alipoleta kisu chake kunolewa. Alisema kama mtu anayesema habari za mvua.

"Papa, ile kisu, ni mudogo ya muzee, ndugu yake, aliitoaka mbao, akaiuzisha kwa ule mugeni, akamuambia zilipasuka. Alisema yeye mwenyewe kwenye pombe."

"Nani alisikia?"

"Sisi wote."

"Na muzee?"

"Anajua. Alimupiga hata makofi."

"Na mulisema nini pale sokoni?"

"Tuseme nini, papa? Ni prezida."

Mgeni alikuwa amekwisha kurudi Rutshuru na hasira zake. Mimi nilikuwa hapa hapa, mwendo wa pikipiki tu, na hakuna mguu wa mtu uliokuja kuniambia jina lako limesafishwa. Walijua wote. Walikula nyama, walikata nyama, walinyamaza. Nikifikiria ukimya ule damu inanipanda zaidi kuliko nikifikiria tusi lenyewe.

Muzee alikuja baadaye, mchana wa mvua, na koti lake refu. Nilimpa kiti. Mkono wake wa kuume ulikuwa umevimba kiganjani. Akatoa kisu ndani ya gunia. Yule fundi wa matundu ya kombo alikuwa amekigonga misumari, mbao mbichi za mkaratusi, na zilikuwa zimeachana na chuma. Harufu ilifika kabla ya kisu.

"Inaniua mukono," akasema. "Unirudishie mupini yangu ya zamani."

"Ile ya wezi?"

Akatazama mvua. "Mutoto wa mama yangu aliniharibia. Pardon. Tuache ile maneno."

"Unaniomba hapa, muzee? Hapa ni mimi na wewe na kuku."

"Pardon ni pardon."

"Uliniita mwizi mbele ya soko."

"Nikisema pale, nitakuwa nimemutoa mudogo yangu. Atakaa na nani?"

"Na mimi nilikaa na nani?"

Nikachukua kisu. Nilikata vichwa vya misumari, nikang'oa uchafu ule, nikasugua mkia wa chuma kwa mchanga mpaka ukang'aa. Nikachonga jozi mpya ya libuyu, nene nyuma, bila kupima mkono wake, maana naujua. Alikaa akitazama, na kwa muda tulikuwa kama zamani. Nilizijaribu mbao juu ya chuma. Hata unywele haupiti. Niambieni ni nani mwingine.

Kisha nikampa chuma kitupu mkono huu na mbao mbili mkono ule. Buloni na ekru, ninazozikata urefu mwenyewe, nikazitia kwenye mfuko wa shati langu.

"Na za kufunga?"

"Nitakuja kuzifunga mwenyewe, sokoni, mbele ya meza yako. Siku utakayowaambia watu. Wewe tu unitumie neno, nakuja na ufunguo."

"Kichwa yako ni nguvu, fundi."

"Ndiyo iliyonijengea hii nyumba umekaa ndani yake."

Akatia mbao kwenye koti, akakunja chuma ndani ya gunia, akaondoka bila kuaga. Yule mama ananiambia kwamba sasa amezungushia mkia wa kisu mpira wa ndani wa tairi, na ukilowa damu unateleza. Watu wakimuuliza mpini uko wapi, anasema uko nyumbani. Hawezi kusema zaidi ya hapo bila kusema yote, na mimi sijaletewa neno.