Diski ya Pili ya Wilmar Etchegaray

Wilmar Etchegaray alikuwa fundi wa friji na mashine za kufulia mjini Paysandú, mtu wa miaka hamsini na minne, mwenye kitambi cha wastani na mdomo usio na wastani hata kidogo. Friji ndizo zilizomlisha. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, hakutaja friji; alisema ni mwenyekiti wa Klabu ya Pengwini, na ukifanya kosa la kuuliza hiyo ni klabu ya nini, ujue mchana wako umekwisha.

Ilikuwa klabu ya watu kumi na mmoja waliotumia Linux kwenye kompyuta zao, yaani ule mfumo usio na mwenyewe, unaogawiwa bure, ambao yeyote anaweza kuufungua tumbo akaona matumbo yake, na ambao alama yake ni pengwini. Mfumo mwingine, ule ambao watu wengine wote duniani huukuta tayari ndani ya kompyuta waliyonunua, Wilmar hakuutamka kwa jina. Aliuita “ile ya dukani,” kwa sauti ambayo wengine huitumia kumtaja mume wa zamani wa dada yao.

Hatari ilikuwa kumwita nyumbani kwako kwa ajili ya friji. Akimaliza friji, jicho lake linaangukia kompyuta ya sebuleni, na kabla hujamtafutia noti zake za peso ameshakaa kitini na miwani puani. Mama Shirley Berrutti, fundi cherehani mstaafu, alimwita kwa jokofu lisilogandisha nyama akaachiwa pengwini kwenye kioo, na kwa wiki sita hakuweza kuchapisha karatasi hata moja. Lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: kompyuta ile ilikuwa ya kutupwa jalalani, na tangu siku hiyo haijakwama hata mara moja. Mama Shirley hakumshukuru, na wala sioni kwa nini angemshukuru.

“Na michezo je?” watu walimwuliza, wakidhani wamembana. Hapo ndipo alipokuwa akifurahi. Alikuwa na michezo zaidi ya mia, mingi ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya ile ya dukani, na yote alikuwa ameifundisha kukimbia juu ya Linux, mingine kwa kasi kuliko kwao ilikotoka. Kila Jumamosi alikaa saa nne nzima akiua maiti wanaotembea. Mkewe Mirta alipomwambia aje amsaidie kubeba mitungi ya gesi, alijibu kwamba yuko kazini, anathibitisha hoja.

Katiba ya klabu aliiandika yeye mwenyewe, na kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya saba. Mwanachama atakayekutwa na ile ya dukani kwenye mashine yake ataifuta mbele ya wenzake, kwa mkono wake, kisha ataleta vitumbua vya siagi kwa kila mkutano mwezi mzima. Asipofuta, anatoka.

Kanuni hiyo ilimpata mtu mmoja tu, mwalimu Yamandú Sosa wa hesabu, miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia. Yamandú alikuwa ameificha ile ya dukani kwa sababu ya mchezo wa kufundisha timu ya mpira. Alikuwa ameichukua timu ndogo ya mtaani kwao akaipandisha, msimu hadi msimu, misimu kumi na moja, mpaka ikafika fainali ya kombe la bara. Wilmar alisimama nyuma ya kiti chake.

“Futa, mwalimu. Ni jino bovu hilo, likishatoka utalala.”

“Nina fainali Jumanne, bwana.”

“Futa.”

Mwalimu akafuta, akatoka nje, akasimama peke yake kwenye uwanja wa klabu ya tufe, walikokuwa wakikutania, mpaka chai ya yerba ikapoa. Vitumbua alileta mwezi mzima bila kukosa, vizuri, vya moto, na yeye mwenyewe hakuonja hata kimoja.

Na wakati huo wote, mnafiki mkubwa, Wilmar alikuwa na diski ya pili.

Nieleze ilivyokuwa, maana hapa siwezi kumcheka tu. Wilmar alikuwa na mtoto mmoja, Anahí, aliyekwenda Vigo, Hispania, kutunza wazee kwenye nyumba yao ya malezi. Kwa simu, baba na binti walikuwa hovyo. “Umekula?” “Nimekula. Na wewe baba?” “Nimekula.” Halafu kimya, halafu Mirta anainyakua simu. Mwaka wa pili Anahí akamwambia kuna mchezo wa malori, watu wawili mnabeba magogo kwenye matope, mmoja akikwama mwingine anamvuta kwa kamba. Wajaribu?

Walijaribu siku moja kwenye kompyuta ya jirani. Wilmar alivaa vipokea sauti, mikono kwenye usukani wa kuigiza, macho kwenye matope, na mle ndani, akiwa anamvuta baba yake kutoka kwenye bwawa, Anahí akaanza kusema. Alisema habari za mwenye nyumba aliyempandishia kodi, za kijana aliyemwacha, za bibi mmoja aliyemfia mikononi usiku wa Krismasi. Hakusita. Wilmar alisema “mmh” na “kata kushoto,” akarudi nyumbani akiwa ameyajua mengi kuliko miaka miwili ya simu.

Mchezo huo haukukubali Linux. Ulikuwa na mlinzi wake, programu ya kuwakamata wadanganyifu, na mlinzi huyo kila alipochungulia akamwona pengwini alifunga mlango. Wilmar alihangaika naye miezi mitatu, akaandikiana na watu wa Chile na Finland, akakesha, akatukana. Hakufaulu. Ndipo siku moja, Mirta alipokuwa sokoni, yeye akanunua diski ndogo, akaipachika kwa siri kama mlevi anayeficha chupa, akaweka ndani yake ile ya dukani. Jina lake alilifuta kwa mkono kutoka kwenye orodha ya kuwashia, ile inayotokea mwanzo kukuuliza unataka mfumo upi. Kuingia huko kulitaka kubonyeza kitufe fulani kwa wakati fulani, na kitufe hicho alikijua yeye peke yake. Kila Jumapili saa nne asubuhi alikibonyeza. Alijifungia mlango, na Mirta alidhani ni ibada.

Sasa, kila mwaka mwezi wa nne kuna Jumamosi ambayo watu wa Linux katika miji mingi ya bara letu hukusanyika, na anayetaka huja na kompyuta yake awekewe mfumo bure. Watu hawa wana onyo moja wanaloambizana kila mwaka: usisasishe mashine yako siku moja kabla. Wilmar ndiye aliyelichapa onyo hilo kwa herufi nyekundu na kulibandika ukutani. Lakini Ijumaa hiyo akasikia kwamba Yamandú ataonyesha toleo jipya kuliko lake. Wivu ukamkaba. Akasasisha kila kitu, kuanzia kiini mpaka mapambo.

Toleo jipya halikuwa na siri na mtu. Lilizunguka diski zote, likakuta kilichomo, likaandika orodha ya kuwashia upya, kwa ukamilifu. Wilmar angeyaona hayo kama angezima na kuwasha. Hakuzima mpaka alipoichomoa kesho yake kuibeba; alikuwa akijigamba miaka yote kwamba watu wa Linux hawazimi-zimi mashine ovyo.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mvua ikinyesha kwetu lazima unga ukandwe na mafuta yachemke, kwa hiyo ukumbi wa klabu ya tufe ulinuka maandazi. Watu kama arobaini walikuja, wamezifunga kompyuta kwenye mifuko ya nailoni. Wilmar aliiweka yake mezani, akaunganisha projekta ya kumulika ukutani, akabonyeza kitufe cha kuwashia, akaugeukia umma na chupa ya maji ya moto ya chai yake kwapani.

“Ndugu zangu,” akaanza, “nitanieni mnavyotaka. Mimi miaka kumi na minane sijaigusa ile ya dukani.”

Nyuma yake ukuta ukawaka. Orodha ya kuwashia ya Wilmar haikuwa na muda wa kusubiri, ilingoja mpaka mtu achague. Alikuwa ameipanga hivyo akisema mtu huru huchagua mwenyewe. Kwa hiyo ilibaki pale ukutani, herufi za kiganja kizima, mistari miwili. Wa kwanza ulisema Linux. Wa pili uliitaja ile ya dukani kwa jina lake kamili, na toleo lake, na kwamba imo kwenye diski ya pili.

“Mashine yangu ni safi,” Wilmar akaendelea, “hata uchafu wa ukucha huukuti.”

Kicheko kilianzia nyuma. Akadhani ni mvua inavuja, akatazama dari.

“Usitazame juu, baba,” mama Shirley akamwambia, andazi mkononi. “Geuka.”

Akageuka. Akausoma mstari wa pili mpaka mwisho, mpaka kwenye diski.

Yamandú akainuka taratibu, akatembea mpaka mezani, akamvutia kiti.

“Kanuni ya saba, mwenyekiti.”

“Mwalimu, nikueleze...”

“Utaeleza ukishafuta. Kaa.”

Akakaa. Yamandú akamsomea amri ya kufuta, herufi moja moja, kama anawasomea watoto imla, na Wilmar akaandika. Ilipokamilika, kikabaki kitufe kimoja tu cha kubonyeza. Akiweka kidole pale, anabaki mwenyekiti, anakula aibu ya mwezi mmoja na vitumbua, mambo yanakwisha. Kidole kilikwenda mpaka juu ya kitufe kikasimama.

“Jino bovu hilo,” Yamandú akasema. “Likishatoka utalala.”

“Siwezi.”

“Huwezi nini?”

“Humu ndimo ninamoongea na Anahí,” Wilmar akasema mbele ya watu arobaini. “Kuna mchezo. Unakataa Linux, nimejaribu kila njia. Kwa simu hatuwezani, mimi na yeye. Humu tunaweza. Nikifuta hii, Jumapili sina binti.”

Jikoni mafuta yaliendelea kuchemka.

“Mimi nilikuwa na fainali,” Yamandú akasema polepole.

“Najua.”

“Misimu kumi na moja, Wilmar. Nilikwambia nina fainali Jumanne.”

“Nilikukosea. Nilikuwa nayo hii hii diski nikikusimamia, na nilikukosea. Nisamehe, mwalimu.” Akaifuta ile amri, akasukuma kiti. “Pigeni kura. Mimi sifuti.”

Wakapiga kura, kwa sababu katiba ilisema hivyo na katiba aliiandika yeye. Mikono tisa ilikwenda juu kumtoa. Wa kumi ulikuwa wa mama Shirley.

“Wewe si mwanachama, mama,” mtu akamkumbusha.

“Najua. Huu ni kwa ajili ya zile wiki sita.”

Yamandú ndiye aliyekuwa hajainua mkono. Alimsaidia Wilmar kuifunga kompyuta kwenye nailoni, akamfungulia mlango. Wilmar akaenda nyumbani kwa miguu katika mvua, ameikumbatia mashine yake, bila klabu.

Jumapili saa nne alibonyeza kitufe chake. Anahí alikuwa anamsubiri, lori lake limeshapakia magogo.

“Vipi sherehe yenu, baba?”

“Wamenitoa.”

“Wewe? Kwa kosa gani?”

Akamweleza yote, mpaka mkono wa mama Shirley. Anahí alicheka akakohoa, halafu akaacha kucheka.

“Si ungefuta tu, baba? Ile klabu ndiyo maisha yako. Sisi tungeongea kwa simu.”

“Kwa simu hunambii kitu. Kata kushoto, kuna shimo.”

Akakata kushoto. Walipanda mlima wote, yeye mbele, baba nyuma, magurudumu yakirusha tope. Walipofika juu Anahí akasimamisha lori.

“Baba.”

“Naam.”

“Nimechoka huku. Nataka kurudi nyumbani. Sijamwambia mtu, hata mama. Sikujua niseme vipi.”

“Umeshasema,” Wilmar akamjibu. Akataka kuongeza jambo la kiutu uzima, kuhusu nauli au chumba chake ambacho kilikuwa kimejaa vipuri vya friji. Lakini macho yalikuwa yamejaa machozi, barabara haionekani, na mguu ulikuwa bado umekanyaga mafuta. Akampita binti yake pale juu, akateremka upande wa pili wa mlima, akaingia mtoni na magogo yote.