Hatua Arobaini za Umeme

Mwaka wa tisini na nane, Momanyi alikuwa fundi wa nyaya za magari pale Sotik, na habari iliyomharibu ilimfikia ikiwa imefungia sukari. Kipande cha gazeti kilisema Wajapani wameunda gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, vyote pamoja. Alikisoma mara tatu. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyetengenezewa taa bila kuhubiriwa.

"Na inachomekwa wapi?" aliuliza Chepkosgei, mama aliyebeba maziwa ya majirani kwa pikapu yake.

"Haichomekwi, Mama Joan. Inajichaji yenyewe ikitembea."

"Kwa hivyo hiyo umeme inatoka kwa petroli."

"Inatoka kwa betri."

"Na betri inajazwa na nini?"

Momanyi akamjibu kwamba mambo hayo yanataka masomo. Masomo yake mwenyewe yaliishia darasa la saba, lakini hilo hakulitaja.

Juma lililofuata alimtengenezea Chepkosgei dinamo, na asubuhi wakaenda pamoja kuchukua maziwa ili asikie kama inachaji. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa zamani.

"Petroli iko?" Chepkosgei aliuliza.

"Iko," alisema fundi, ambaye hakuwa ameangalia.

Wakati wa kurudi, wakiwa na mitungi minane nyuma, injini ilikohoa na kunyamaza katikati ya mashamba ya chai. Kilele cha mlima kilikuwa hatua arobaini mbele, jua linapanda, na maziwa hayangoji mtu. Momanyi akajiwa na wazo.

"Shuka, Mama Joan. Leo utaona umeme."

Aliweka gia ya kwanza, akaachia klachi na kuzungusha ufunguo. Stata, ile mota ndogo ya betri inayowasha injini, ikaguna, pikapu ikajivuta hatua mbili tatu. Akapumzika, akazungusha tena. Chepkosgei alitembea kando, na mara mbili ilimbidi asimame amngoje. Wachuma chai waliacha majani wakatazama. Momanyi alikaza uso kama dereva wa Safari Rali, ingawa konokono mwenye haraka angempita. Harufu ya kuungua ilipoingia alijua vizuri ni nini kinachoungua, na ni nani atakayekitengeneza.

Kileleni betri ikakata roho. Chepkosgei akaruka ndani, wakateremka kimyakimya mpaka kituo cha petroli kule chini. Maziwa yalikuwa bado hayajaganda.

"Si umeona?" Momanyi alisema huku wakijaziwa tangi. "Tumeendesha umeme."

"Fundi, umeme imetuvuta hatua arobaini, na hiyo ilikuwa petroli ya jana imekaa kwa betri. Hizo zingine ni mteremko."

Momanyi akaanza kucheka, akacheka mpaka akakalia mtungi.

Jumamosi nzima alizifunga upya waya za stata ile bila malipo, na kila aliyepita alimsimulia kisa mwenyewe, pamoja na konokono, kabla Chepkosgei hajamtangulia kukisimulia sokoni.

Siku ya kuchukua pikapu, mama huyo alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandishwa. Walikunywa wakibishana tena. Momanyi alishikilia kwamba zile hatua arobaini zilikuwa za umeme kabisa, ila hakudai hata moja zaidi.