Magogo Yenye Nyuki Weusi

Mimi ndiye niliyeagiza wauawe. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaokuja shambani kwangu Mzenga siku hizi, wakaona pasheni zilivyoning'inia kwenye nyaya, hudhani nilizaliwa nikiyajua mambo ya wadudu. Sikuyajua. Nilizaliwa karibu na Mlandizi, nikapika chakula cha kuuza kando ya barabara kwa miaka mingi, na nilichojua kuhusu wadudu ni kwamba hawatakiwi kwenye sufuria.

Mume wangu ni fundi seremala. Tulipohamia upande huu wa Kisarawe, kwenye shamba aliloachiwa na baba yake, alijenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe. Kenchi za baraza aliziacha bila rangi, kwa kuwa alipenda kuuona mti ulivyo. Mwaka wa pili nyuki wakaingia. Si hawa wa asali. Ni wale wakubwa weusi, wanene kama ncha ya kidole gumba, wenye mngurumo unaokufanya uinamishe kichwa hata kama hawana habari na wewe. Walitoboa matundu ya mviringo kwenye kenchi, safi kama yamepigwa keekee. Unga wa mbao ukawa unadondoka kwenye mkeka wangu, kwenye ungo wa mchele, na siku moja ya Ramadhani ukadondokea kwenye bakuli la futari mbele ya wageni.

"Chagua," nikamwambia mume wangu wageni walipoondoka. "Mimi au hao."

"Hawana ubaya," akasema. "Ni mafundi tu kama mimi."

"Basi nenda ukafuturu nao."

Kesho yake alichanganya dawa ya mchwa na oili chafu, akapaka kenchi zote, akaziba matundu kwa vitambaa vilivyolowa dawa hiyohiyo. Dawa ilibaki. Mimi nikasema isipotee bure, apake na nguzo za uzio pamoja na zile tulizosimamisha kwa ajili ya pasheni. Nikafagia nyuki waliokufa barazani, nikawatupa kwenye shimo la taka. Muda si mrefu wachoma mkaa wakapita kuomba miti iliyokauka mpakani mwa shamba. Tukawapa yote, tukafurahi kwamba sasa shamba linapendeza.

Pasheni zangu ni zile za njano, na ua la aina hii lina tabia yake. Halifunguki asubuhi. Linasubiri jua lifike utosini, ndipo linafunguka, na giza likiingia linajifunga lisifunguke tena. Lina hiyo alasiri moja tu. Msimu wa kwanza nyaya zilijaa maua mpaka majirani wakawa wanasimama kutazama. Nikaanza kuulizia wanunuzi wa matunda Mlandizi. Kisha maua yakaanza kudondoka, yote, na kikonyo kikabaki kitupu. Nilimwagilia, nikaongeza samadi. Msimu uliofuata ikawa vilevile. Nilipata matunda machache mno, hayakutosha hata juisi ya nyumbani.

Jirani mmoja akaniambia maua yasiyoshika matunda hayana nyuki. Nikaenda Vihingo, ambako bado kuna mapori, kwa mfugaji wa nyuki ninayemfahamu. Alikubali kuniazima mzinga mmoja wenye nyuki. Tuliusimamisha pembeni mwa shamba, na ndani ya siku chache nyuki wa asali walikuwa wamejaa kwenye maua. Mume wangu akaja kuangalia, akanipongeza. Nikajiona nimemaliza kazi.

Maua yakadondoka zaidi kuliko mwanzo.

Hapo ndipo nilipochukua ndoo, nikaipindua, nikakaa juu yake katikati ya pasheni. Nilijiambia sitamuuliza mtu mwingine kitu chochote mpaka nione kwa macho yangu ua moja linavyoishi kuanzia linapofunguka hadi linapofunga. Niliswali adhuhuri, nikakaa. Alasiri nikaswali palepale shambani, nikarudi kwenye ndoo. Siku tatu mfululizo.

Nilichokiona ni hiki. Ua la pasheni lina vijifuko vitano vya unga wa njano, ule unaoitwa chavua, na vimetazama chini. Juu yake kuna vijiti vitatu vyenye vichwa vidogo, na hivyo ndivyo vinavyotakiwa kupakwa chavua kutoka ua la mche mwingine ili tunda lishike. Nyuki wa asali ni mdogo. Anatua kwenye vijifuko, anajaza unga miguuni, anaondoka zake. Vichwa vile vitatu hata havigusi. Kwa hiyo nilikuwa nimeazima wageni wa kuja kubeba chavua yote na kuipeleka kwenye mzinga, huku maua yangu yakibaki matupu.

Siku ya tatu, jua limeshaanza kulegea, nikasikia mngurumo ninaoujua. Nyuki mweusi, mmoja peke yake, alitokea upande wa majirani. Alipotua, ua zima likayumba. Alikuwa mkubwa kiasi kwamba alipokuwa akinywa utamu chini, mgongo wake ulijaa unga, na alipozunguka mgongo uleule ukavipangusa vile vichwa vitatu. Akahamia ua la pili, la tatu, akavuka hadi mche wa pili. Nilimfuata na kibunda cha uzi mwekundu, nikawa nafunga kipande kwenye kila ua alilolitembelea.

Baada ya siku nne nilirudi kuangalia. Maua yasiyo na uzi yalikuwa yamedondoka. Kwenye mengi ya yale yenye uzi kulikuwa na tunda la kijani, dogo kama punje ya kunde.

Nilikwenda moja kwa moja barazani. Mume wangu alikuwa anapiga randa mlango wa mteja. Nilitazama juu, kenchi zote nyeusi kwa oili, nikamwambia, "Tumewaua wenyewe waliokuwa wanatuzalishia."

Akasimamisha randa. "Tumewaua?"

"Nimewaua."

Angeweza kunicheka, na hakunicheka. Nilirudisha mzinga Vihingo siku hiyohiyo.

Msimu ule nilifanya kazi ya nyuki mweusi kwa kidole changu. Kila siku baada ya adhuhuri nilipita ua kwa ua, nachukua unga wa mche huu na kuupaka mche ule, kwa sababu nilishajaribu kupaka ndani ya mche uleule na haikusaidia kitu. Matunda yalishika, nami nilikuwa na hakika sasa kwamba sikukosea. Lakini mgongo uliuma, na siku moja nilipokwenda msibani, maua yote yaliyofunguka siku ile yalipotea. Mtu hawezi kuwa nyuki. Nilihitaji wenyewe.

Dada yangu ameolewa Magindu, upande wa Kibaha vijijini. Jirani yake ni mfugaji, mzee aliyehamia huku kutoka kaskazini na ng'ombe wake, watu wa pale wamemzoea kabisa. Dada alinipigia simu kuniambia kuwa yule mzee anabomoa zizi la zamani, na nguzo zake zina matundu kama filimbi. Nilikwenda kesho yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka kuni."

"Nataka nguzo zenye nyuki weusi, baba. Na nyuki wenyewe wakiwemo."

Alinitazama, akamtazama dada yangu kama anayeuliza kama mimi ni mzima. Nikamweleza habari ya maua, ya kidole changu, ya uzi mwekundu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, lakini cheko la kuelewa.

"Hawa wakitoka wakati wa baridi huwa wazito," akasema. "Njoo alfajiri, kabla jua halijawapasha. Ziba matundu kwa udongo."

Hivyo ndivyo tulivyofanya, mimi, dada na yule mzee, siku yenye manyunyu. Tulichagua magogo sita, tukaziba kila tundu kwa tope. Nilikuwa nimekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva alikuwa kijana mchangamfu mpaka aliponyanyua gogo la kwanza na kusikia linanguruma mikononi mwake. Alilishusha taratibu sana.

"Mama, hii kuni inaongea."

"Inasalimia. Pakia."

Alipakia, lakini njia nzima kutoka Magindu hadi Mlandizi, na kutoka Mlandizi hadi Mzenga, vioo vilifungwa, na kila tulipopita shimo aligeuka kutazama nyuma.

Mume wangu alikuwa akinisubiri barabarani. Nilidhani ataniuliza maswali yale aliyokuwa na haki ya kuyauliza. Badala yake alinipeleka katikati ya pasheni, akanionyesha kibanda alichokijenga nilipokuwa kwa dada: paa dogo la makuti, chini yake mihimili ya mbao laini isiyopakwa chochote, na nafasi ya kulaza magogo.

"Barazani bado sitaki," nikamwambia, maana niliona anatabasamu.

"Barazani ni pa watu," akasema. "Hapa ni pa mafundi."

Tulizibua matundu yakiwa yametazama mashariki. Wengine waliruka wasirudi tena, na wiki ya kwanza nilikata tamaa kidogo. Ila wapo waliobaki. Nikagundua kwamba pasheni ikimaliza kutoa maua hawana cha kula, kwani nilikuwa napalilia mpaka shamba linabaki jekundu. Nikapanda mbaazi pembezoni, na marejea yaliyojiotea nikayaacha yatoe maua yake ya njano. Kwenye mbaazi wanashinda kutwa. Kumbe na mbaazi zenyewe zikazaa vizuri kuliko nilivyowahi kuziona.

Msimu uliofuata sikugusa ua hata moja. Nilikaa nyumbani alasiri zote, nikisikia mngurumo kutoka shambani, na matunda yakashika mpaka mume wangu akalazimika kuongeza nguzo za kuegemeza nyaya. Tulipeleka pasheni Mlandizi kwa magunia. Gunia moja tulimpelekea mzee wa Magindu, na sasa naye amepanda.

Hivi karibuni amekuja kigong'ota. Anatua kwenye magogo, anagonga, anachomoa watoto wa nyuki ndani ya matundu na kuwala. Mume wangu alitaka kuweka wavu. Nilimwambia asubiri, nikachukua ndoo yangu nikakaa kutazama, na nimeona kwamba anapasua magogo machache yaliyooza na kuyaacha mengi. Anakula pia mabuu wanaotafuna nguzo zetu za uzio. Nimemwacha. Gogo likipungua, mume wangu analeta jingine, ambalo halijapakwa dawa.